Kizunguzungu Baada ya Ajali? Kuna Mtu Unafaa Kumjua

Hebu nikuulize. Umewahi kuanguka na boda, ukashonwa, ukaambiwa umepona, halafu ukijigeuza tu kitandani nyumba nzima inazunguka?

Mimi yalinikuta hapa Kebirigo. Mvua ilikuwa imenyesha, tope la kando ya mashamba ya chai likatubwaga. Kidonda kilipona, kizunguzungu kikabaki. Mara naambiwa ni malaria, mara damu imepungua, mara eti nimelewa. Nyanya akaanza kunikumbusha ababari, wale mafundi wa Kisii waliofungua fuvu la mtu aliyeumwa na kichwa baada ya kugongwa. Wee! Nikamwambia tungoje kidogo.

Mwishowe daktari mmoja alinigeuza kichwa, akanilaza haraka, akakodolea macho yangu. Yakarukaruka. Basi. Shida ilikuwa ndani ya sikio, si kwenye damu. Nikaanza kutafuta: nani aligundua kwamba jicho linaweza kulisemea sikio?

Ni Robert Bárány, aliyezaliwa Vienna mwaka 1876. Akiwa mtoto aliugua kifua kikuu cha mifupa, goti likabaki gumu maisha yake yote. Usifikiri alikaa kwa kiti. Alicheza tenisi na kupanda milima. Mwaka 1900 akahitimu udaktari, kisha akaingia kliniki ya masikio.

Huko alikuwa akiosha masikio ya wagonjwa kwa maji, na wengine wakilalamika kizunguzungu. Mmoja akamwambia inatokea maji yakiwa baridi. Bárány akaweka ya moto zaidi. Kizunguzungu kikarudi, lakini safari hii macho yakaruka upande ule mwingine! Mwingine angeomba msamaha aendelee na kazi. Yeye alikaa akafikiria birika la maji: ya moto hupanda, ya baridi hushuka. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye maji, na hayo maji yakisogea ubongo unadhani kichwa kinazunguka. Kwa hivyo ukitia maji sikioni na macho yasitikisike, huenda upande huo umekufa ganzi. Kipimo hicho bado kinatumika hadi leo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza akaenda kutibu askari, goti lake likiwa vilevile. Mwaka 1915 Warusi wakauteka mji wa ngome wa Przemyśl, naye akawa mateka, akapelekwa mbali hadi Merv, Turkmenistan ya leo. Akiwa kambini huko ndiko habari ilimpata kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Fikiria, Nobel na huna ruhusa ya kutoka getini! Mwanamfalme Carl wa Sweden, kupitia Msalaba Mwekundu, alimwombea, akaachiliwa 1916.

Ungedhani Vienna ilimpokea kwa vigelegele. Wapi! Wenzake walimshtaki kwamba hakuwataja waliomtangulia. Mwaka 1917 akahamia Uppsala, Sweden, akafundisha huko. Mwaka 1921 akaeleza kizunguzungu kinachokuja mtu akilalia upande fulani, akashuku vipande vidogo vya chokaa vilivyo ndani ya sikio. Hicho ndicho changu, manze! Alifariki Aprili 1936, siku chache kabla ya kutimiza miaka 60.

Mimi chuo niliacha, kwa hivyo sikupi dawa. Lakini kama uliumia kichwa na dunia bado inazunguka, usikubali kumeza dawa za malaria bila kupimwa. Sema kilianza lini, na ukigeukia upande gani. Omba waangalie macho na masikio. Na kikija pamoja na kutapika sana, maneno kukwama au mkono kulegea, usingoje kesho, kimbia hospitali.

Mimi nilirudishiwa vipande vyangu mahali pake kwa kugeuzwa kichwa tu, dakika chache. Nyanya bado haamini.