Jamaa wa dizeli: aliushinda moto, madeni yakamshinda

Ukitoka huku kwetu Bongwe kwenda Mombasa unapanda boda hadi Ukunda, matatu hadi Likoni, halafu feri. Boda inakunywa petroli. Lakini ile feri, na mara nyingi hata matatu, zinakunywa dizeli. Je, ulijua kuwa Dizeli ni jina la mtu?

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake Wajerumani. Baba alikuwa fundi wa ngozi, na kijana alikuwa akisukuma mkokoteni kuwapelekea wateja mizigo. Mwaka 1870 vita vya Ufaransa na Ujerumani vikazuka, familia ikakimbilia London. Hali ikawa ngumu, naye akatumwa peke yake Augsburg, Ujerumani, kuishi na jamaa na kusoma. Alikuwa na miaka 12 tu.

Chuo alisomea Munich. Ilipofika saa ya mtihani wa mwisho, homa ya matumbo ikamlaza. Wenzake wakamaliza, yeye akabaki kusubiri awamu nyingine huku akijifunza kazi kiwandani Uswisi. Alimaliza Januari 1880 na alama za juu kabisa.

Mwalimu wake Munich alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mashine za barafu. Hapa tuliza akili kidogo. Siku moja weka mkono nyuma ya friji ya soda dukani. Kuna joto, si ndio? Friji haitengenezi baridi. Inachota joto lililo ndani na kulimwaga nje, na kazi hiyo inahitaji nguvu. Injini ni kinyume chake: unaipa joto, inakupa nguvu ya kusukuma gurudumu.

Darasani kwa Linde, Diesel akasikia jambo lililomkosesha usingizi. Injini za mvuke za wakati ule zilikuwa zinapoteza karibu asilimia 90 ya joto la makaa. Ni kama kununua unga kilo kumi, tisa ukamwaga mtaroni. Alipomaliza chuo akamfanyia kazi Linde kwenye biashara ya barafu, lakini kichwani alikuwa na injini yake.

Wazo lake unaweza kulijaribu leo. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, kisha pampu kwa nguvu. Itapata moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Diesel akaamua kuibana hewa vikali mno, mpaka ivuke nyuzi 500, halafu ndipo anyunyize mafuta. Mafuta yanawaka yenyewe, hayangoji plagi. Ule mlipuko unaisukuma pistoni, na gurudumu linazunguka.

Hati ya uvumbuzi aliiomba 1892. Jaribio la kwanza, Augsburg, Agosti 1893, mashine ililipuka na kifaa cha kupimia kikapasuka, nusura imuue. Hakuacha. Mwaka 1897 injini ikapimwa rasmi: asilimia 26 ya joto la mafuta iligeuka kuwa kazi. Hakuna injini iliyokuwa imefika hapo. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1900, injini ya aina yake ilizunguka kwa mafuta ya karanga! (Lakini usiende kumwaga mafuta ya nazi kwenye matatu ya watu. Injini za siku hizi zitaziba, na dereva hatakuelewa.)

Pesa zikaja. Akajenga jumba la kifahari Munich. Kumbe ndani mambo yanaoza: kesi za hati zake, uwekezaji uliokwenda mrama, madeni juu ya madeni. Nje bado alikuwa mheshimiwa.

Usiku wa Septemba 29, 1913, alikuwa kwenye meli Dresden, safari ya kwenda Uingereza. Alikula chakula cha jioni na wenzake, akaenda chumbani kwake, akaagiza aamshwe asubuhi. Asubuhi kitanda hakijalaliwa. Kofia na koti vilikutwa kwenye sitaha. Siku kumi na moja baadaye, mashua ya Waholanzi ikakuta maiti baharini, na vitu vya mfukoni mwanawe akavitambua. Alikuwa na miaka 55. Wako wanaosema aliuawa, lakini wengi waliochunguza hesabu zake wanaamini alijirusha.

Nakwambia haya kwa sababu yangu pia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Muhula mzima sikusema nyumbani. Kila asubuhi nilivaa, nikabeba begi, nikaenda kukaa Likoni kuhesabu feri. Siku niliyomwambia mama, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Diesel alijua kitu kimoja kuliko wote: ukibana sana, lazima kuwake. Basi wewe usijibane kimya. Kama kuna deni, kama chuo kimekushinda, tafuta mtu mmoja leo umwambie.