Luigi Broglio (1911–2001): Mhandisi Aliyerusha Setilaiti Kutoka Bahari ya Malindi

Huenda unafikiri kwamba roketi ni habari za nchi za mbali. Soma maisha ya mhandisi huyu, kisha ujibu maswali ya mwisho.

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, karibu na Venice, Italia. Alisomea uhandisi Roma, akawa ofisa wa Jeshi la Anga na profesa wa uhandisi wa vyombo vya anga katika Chuo Kikuu cha Roma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikabiliwa na tatizo: Italia haikuwa na mahali pazuri pa kurushia roketi. Kumbuka somo la Jiografia. Dunia ina mzingo wa kilomita 40,000 hivi na hujizungusha kwa saa 24. Kwa hiyo mtu aliye kwenye ikweta husafirishwa kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Wewe uliyepo Galula, mkoani Songwe, unakwenda takriban kilomita 1,650. Kituo cha Wallops, Marekani, kinakwenda takriban 1,300 tu. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta hupata msukumo huo bure, ikaokoa mafuta.

Broglio akachagua pwani ya Kenya, karibu na Malindi. Badala ya kujenga nchi kavu, alisimamisha majukwaa ya chuma baharini: San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea.

Kazi nyingine ngumu ilikuwa kutengeneza setilaiti yenyewe. Broglio alibuni mizani ya pekee: ganda jepesi la nje liliunganishwa na kiini kizito cha ndani kwa mikono inayonepa. Hewa hafifu ya juu ilipolisukuma ganda, mikono ilinepa kidogo sana, na kipimo hicho kikaonyesha wingi wa hewa. Kosa dogo la karakana lingeharibu kipimo chote, na huko juu hakuna fundi wa kurekebisha.

San Marco 1 ilirushwa na timu ya Waitaliano kutoka Wallops tarehe 15 Desemba 1964. San Marco 2 iliruka kutoka Kenya tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za angani, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hadi 1988, setilaiti 9 zilirushwa hapo na zote zilifika angani.

Broglio alifariki tarehe 14 Januari 2001. Kituo cha Malindi sasa kina jina lake.

Zingatia: mahali ulipo panaweza kuwa mtaji. Ikweta ni yetu, ufundi hujifunzwa.

Maswali ya marudio
1. Eleza faida ya kurushia roketi karibu na ikweta.
2. Kwa nini mizani ya Broglio ilihitaji usahihi mkubwa karakanani?
3. Jadili: nchi yenye kituo cha roketi inufaike vipi na kituo hicho?