William Halsted: munganga wa ganzi aliyeshikwa na dawa yake

William Stewart Halsted alizaliwa New York, Marekani, tarehe 23 Septemba 1852, katika jamaa ya watu wenye mali. Mwaka wa 1882, usiku, alimupasua mama yake mwenyewe nyumbani na kumutoa usaha na mawe katika kifuko cha nyongo. Mama akapona.

Mwaka wa 1884, habari zilitoka Vienna: munganga wa macho Carl Koller alikuwa ametambua kama kokaine inalifanya jicho lisisikie kisu. Halsted na wenzake wakaenda mbali zaidi. Walifikiri kwamba dawa ikichomwa kando ya mushipa wa fahamu, sehemu yote inayotumikiwa na mushipa ule itakufa ganzi, na mugonjwa atabaki macho. Walijijaribisha wao wenyewe kwanza. Wakati ule, ubaya wa kokaine haukujulikana bado. Njia ilifaulu, lakini dawa iliwashika. Wenzake wamoja waliharibikiwa kabisa. Halsted, aliyesifiwa sana New York, alilazwa mwaka wa 1886 katika hospitali ya Butler, kule Providence. Kisha morfine ikachukua nafasi ya kokaine, na aliitumia kwa siri miaka mingi.

Ajabu ni kwamba njia ile ndiyo inapunguza morfine leo. Kiisha operasio ya tumbo, kama ile ya kuzalisha, munganga anatazama kwa ekografi na kuingiza dawa, kama vile bupivakaine, katikati ya misuli ya tumbo, mahali mishipa ya fahamu inapita. Mugonjwa anapumua vizuri, anakohoa bila kuogopa kidonda, anasimama mapema.

Rafiki yake William Welch alimupokea Baltimore. Pale, katika hospitali ya Johns Hopkins iliyofunguliwa mwaka wa 1889, alikuwa mukubwa wa upasuaji, akatengeneza njia mupya ya kutibu ngiri. Muuguzi Caroline Hampton alipoumizwa mikono na dawa ya kuua vijidudu, Halsted aliagiza vifuniko vya mikono vya mupira mwembamba. Walioana mwaka wa 1890.

Alikufa tarehe 7 Septemba 1922, kiisha kupasuliwa sababu ya mawe ya nyongo, ugonjwa ule ule wa mama yake. Siri ya morfine ilijulikana na watu wengi mwaka wa 1969 tu, wakati maandishi ya munganga mwenzake William Osler yalifunguliwa.