Charles Parsons, Mtoto wa London Aliyezipanga Safu

Ndugu zangu wanajumuiya, salaam kutoka maktaba, maana siku hizi ndiko ninakoishi. Wengi mmeniuliza mradi wangu wa mwaka wa mwisho unahusu nini. Nikijibu ni mapanga ya tabaini, mnacheka. Basi leo nawaletea mwenyewe aliyeanzisha balaa hili.

Charles Parsons alizaliwa hapa hapa London, Connaught Place, jirani na Hyde Park, tarehe 13 Juni 1854. Alikulia Birr, Ireland, kwenye kasri la baba yake, yule aliyejenga darubini kubwa kuliko zote za zama zake. Shule hakwenda, walimu walimfuata nyumbani. Alipomaliza hisabati Cambridge mwaka 1877, mtoto huyo wa bwana mkubwa akaenda Newcastle kuwa mwanagenzi karakanani. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Tatizo lake lilikuwa hili. Mvuke wa boila ukiachiwa wote kwa mara moja hukimbia mno, na gurudumu moja la kuupokea ingebidi lizunguke kwa kasi ambayo chuma hakihimili. Mwaka 1884 jamaa akaamua kuugawa mshuko wa kanieneo kidogo kidogo. Safu ya mapanga yaliyotulia inauelekeza mvuke, safu inayozunguka inachukua nguvu, kisha nyingine iliyotulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Mashine yake ya kwanza ilizunguka mara 18,000 kwa dakika.

Mambo hayakunyooka. Alipoachana na wabia wake mwaka 1889, hataza zilibaki kwao. Miaka mitano hivi mtu hawezi kutumia wazo lake mwenyewe, fikiria! Alizipata tena 1894, akaunda boti, Turbinia. Nayo ikamwaibisha: rafadha ilizunguka kasi hadi ikawa inatengeneza mapovu majini badala ya kusukuma. Akabadilisha, akaweka mihimili mitatu na rafadha tisa. Tarehe 26 Juni 1897, kwenye gwaride la manowari huko Spithead kwa jubilei ya Malkia Victoria, Turbinia ikakatiza katikati ya meli kwa kasi ya hadi maili za baharini 34 kwa saa. Boti za doria zikashindwa kuikamata. Mwaka 1906 manowari Dreadnought ikazinduliwa ikiwa na tabaini.

Nasi yanatuhusu. Babu yangu alikuja kusoma London kwa SS Uganda, meli ya mwaka 1952 iliyopita Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Ilikuwa ya tabaini.

Sasa mradi wangu. Kwenye injini ya ndege, gesi inayofika kwenye mapanga ya mwanzo ina joto linaloweza kuyeyusha metali ya panga lenyewe, ndiyo maana panga hutobolewa vitundu, hewa ya kupoza ipite. Mimi miezi mitatu nilikokotoa safu moja peke yake. Majibu mazuri kweli kweli! Msimamizi wangu akauliza tu gesi hiyo imetoka wapi. Nikanyamaza. Safu iliyotangulia huacha nyuma yake mikondo iliyovurugika na michirizi ya moto na baridi, na kila panga linalozunguka huikata maelfu ya mara kwa sekunde. Joto halisi la panga langu linategemea jirani yake. Miezi mitatu, bwana, kwisha.

Kilichonipa moyo ni kwamba Parsons mwenyewe hewa ilimshinda. Mashine zake za kugandamiza hewa zilipoteza nguvu nyingi mno, akaziacha. Ni mwaka 1926 tu ndipo A. A. Griffith, naye mzaliwa wa London, alipoeleza kwamba mapanga yapaswa kuchongwa kama bawa la ndege.

Parsons alifariki tarehe 11 Februari 1931 bandarini Kingston, Jamaica, ndani ya meli ya tabaini. Mashine yake ya 1884 inahifadhiwa na Science Museum. Mimi Jumatatu naanza hesabu upya, safu mbili kwa pamoja.