Hans Albert: Mwana wa Einstein aliyeisoma safari ya tope mitoni

MVUA ya masika inapopiga nyanda za juu za Keiyo, Mto Sosiani hupita katikati ya mji wa Eldoret ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Wengi huona maji machafu tu. Lakini yupo mtu aliyetumia takriban miaka arubaini ya uhai wake kuuliza tope la namna hiyo latoka wapi, ni kiasi gani, na litatua wapi.

Mtu huyo ni Hans Albert Einstein, mwana wa mwanasayansi mashuhuri Albert Einstein. Alizaliwa mjini Bern, Uswisi, Mei 14, 1904.

Utoto wake haukuwa mwororo. Wazazi wake walitengana mwaka wa 1914 akiwa na umri wa miaka kumi, naye akalelewa Zurich na mamake, Mileva Maric, pamoja na nduguye mdogo, Eduard, ambaye baadaye aliugua maradhi ya akili.

Alipochagua uhandisi, babake hakupendezwa. Hakupendezwa pia na mchumba aliyemchagua, Frieda Knecht, aliyemzidi umri. Kijana huyo alishika msimamo wake. Alihitimu mwaka wa 1926, akaoa mwaka uliofuata, na kufanya kazi ya uhandisi mjini Dortmund, Ujerumani.

Ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 1926, babake alichapisha makala kuhusu sababu ya mito kupinda, akitumia mfano wa majani ya chai yanavyokusanyika katikati ya kikombe kilichokorogwa. Mzee aligusa suala hilo akapita. Mwanawe alilifanya kazi ya maisha.

Aliporejea Zurich, alijiunga na maabara ya Profesa Eugen Meyer-Peter iliyochunguza Mto Rhine. Katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka wa 1936, alieleza kwamba punje ya mchanga sakafuni mwa mto huruka hatua fupi, ikapumzika, kisha ikaruka tena kwa kubahatisha. Kwa hivyo, mwendo wake ungeweza kukadiriwa kwa hesabu za uwezekano.

Mwaka wa 1938 alihamia Marekani na familia yake. Muda mfupi baada ya kufika, mwanawe Klaus, mwenye umri wa miaka sita, alifariki kutokana na ugonjwa wa dondakoo.

Aliajiriwa na Wizara ya Kilimo katika jimbo la South Carolina, ambako mashamba ya pamba yalikuwa yamemomonyoka na udongo mwekundu ukijaa mitoni. Huko, katika Mto Enoree, yeye na wenzake walipambanua mashapo yanayobiringika sakafuni na yale yanayoelea majini.

Tofauti hiyo ndiyo roho ya kazi ya kusafisha mabwawa. Malango ya chini yanapofunguliwa ili tope litoke, kiasi cha mashapo yanayoelea hupanda ghafla. Mpimaji huteka maji kwa chupa maalumu katika vina mbalimbali, akayachuja, akakausha mashapo na kuyapima uzito. Kipimo kimoja kwa siku hakitoshi, kwani tope laweza kupanda na kushuka kwa saa chache. Likizidi, samaki huzibwa matamvua na mitambo ya maji ya kunywa hulemewa. Likikosa kutolewa, bwawa hujaa.

Baada ya kufanya utafiti California, Hans Albert alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka wa 1947. Mwaka wa 1950 alichapisha kanuni yake maarufu ya kukadiria mashapo, iliyounganisha ya sakafuni na yanayoelea.

Mwaka wa 1955 alisafiri hadi Princeton babake alipokuwa mahututi. Frieda alifariki mwaka wa 1958, naye akamwoa mwanakemia Elizabeth Roboz mwaka wa 1959. Alistaafu mwaka wa 1971 na kuaga dunia Julai 26, 1973, akiwa na umri wa miaka 69. Mwaka wa 1988, chama cha wahandisi wa ujenzi Marekani kilianzisha tuzo kwa jina lake.

Miaka minane baada ya kifo chake, bwawa la Masinga lilikamilika katika Mto Tana, na baadaye ikabainika kwamba tope lilikuwa likiingia kwa wingi kuliko walivyotarajia waliolijenga. Mjini Eldoret ndiko yaliko makao makuu ya Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Kerio, ambayo eneo lake linajumuisha bwawa la Turkwel.

Kwa mabwawa hayo, somo la Hans Albert halijachakaa. Udongo unaotoroka shamba leo ndio utakaopunguza maji ya bwawa kesho, na asiyeupima hawezi kujua amebakiwa na miaka mingapi.