Patterson, simba na usiku wa Kima

Filamu ya The Ghost and the Darkness ilitoka mwaka 1996, na wengi wenu, wasomaji wangu, mnaikumbuka kwa sababu ya simba. Mimi naikumbuka kwa masikio. Oscar moja iliyopata ilikuwa ya uhariri wa sauti, na ukiitazama usiku taa zimezimwa utajua sababu. Nyasi ndefu zatikisika, kamera imeinama chini, na simba mwenyewe humuoni. Wasikia pumzi tu, kisha kimya.

Ufundi huu haukuanzia kwa watu wa sinema. Ulikuwa tayari katika kitabu cha John Henry Patterson cha mwaka 1907. Patterson alizaliwa Ireland, akawa mwanajeshi India, akajifunza Kihindustani. Machi 1898 aliteremka hapa Mombasa, akapelekwa Tsavo kujenga daraja la reli. Huko simba wawili madume wasio na manyoya shingoni (wa kwenye filamu wanayo, nadhani ili wapendeze) wakawa wanawatoa wafanyakazi mahemani usiku kwa miezi. Alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba 1898, na wa pili kabla mwaka haujaisha.

Jambo lililonishika katika masimulizi yake ni hili: watu walikuwa hawaogopi ngurumo. Simba akinguruma wajua yuko mbali. Walinzi wa kambi walikuwa wakipigiana kelele za tahadhari kutoka kambi hadi kambi, na ngurumo zikikatika ghafla karibu na mahema, hapo ndipo kila mtu alipojua mnyama ameanza kunyemelea. Kila mtengeneza filamu anayetaka kutisha hutumia njia iyo hiyo: ajaza sauti, halafu aiondoa.

Niliwahi kufanya kazi Kitui, upande wa Ikutha usio mbali na mbuga ya Tsavo Mashariki. Wallahi, usiku wa kule wadudu wakinyamaza kwa pamoja, hata mtu wa Pwani aliyezoea kelele za mawimbi huacha kutafuna.

Lakini mwanzo bora kuliko wote haumo kwenye filamu hiyo. Ulitokea Juni 1900 katika stesheni ya Kima, ambayo leo iko kaunti ya Makueni. (Najua, jina hilo kwetu ni tumbili au nyama ya kusaga, na hapa hakuna la kucheka.) Patterson hakuwapo ila amekisimulia kisa chenyewe. Ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alilala ndani ya behewa pamoja na Wazungu wawili, Huebner na Parenti, wakimvizia simba aliyekuwa akisumbua stesheni. Kabla ya kulala waliona gizani vitu viwili viking'aa bila kupepesa, wakadhani ni vimulimuli. Ryall akashika zamu ya kwanza, kisha usingizi ukamchukua. Behewa lilikuwa limeinama kidogo, hivyo simba alipoingia mlango wa kuteleza ukarudi wenyewe ukajifunga nyuma yake. Simba akasimama juu ya Parenti aliyelala chini ili amfikie Ryall, akatoka naye kupitia dirishani.

Nuru mbili, behewa limeinama, mlango wateleza, komeo lajifunga. Hapo hakuna haja ya muziki.

Patterson mwenyewe maisha yake hayakutulia. Alirudi Kenya kuwa mkuu wa wanyamapori, na mwaka 1908 mgeni aliyemwongoza safarini, Audley Blyth, alikufa kwa risasi, habari ikafika hadi Bunge la Uingereza. Katika Vita vya Kwanza aliongoza vikosi vya Wayahudi, Gallipoli na kisha Palestina. Ngozi za wale simba zilitandikwa sakafuni kwake robo karne, halafu mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, dola 5,000. Alifariki California mwaka 1947, na mwaka 2014 majivu yake yakazikwa Israel.

Na waliokufa je? Kwenye kitabu alitaja Wahindi 28, na Waafrika wengi wasioandikwa popote. Baadaye akasema jumla ni 135. Wanasayansi waliopima mifupa na nywele za simba hao wakatoa makisio mwaka 2009 ya watu kama 35. Filamu zimekuja, Bwana Devil mwaka 1952 na hii ya 1996, na katika zote mbili anayetuongoza gizani ni mhandisi Mzungu. Kuli huonekana pale anapoburutwa. Hilo nalo ni suala la kamera: imesimama nyuma ya bega la nani?

Kijana wa Emali au Mtito Andei mwenye simu nzuri aweza kukipiga upya kisa cha Kima. Huebner alipokimbilia chumba cha pili cha behewa, mlango haukufunguka upesi. Makuli waliokuwamo walikuwa wameushikilia kwa vilemba vyao, ili simba asiingie. Mimi ningeanzia ndani ya chumba hicho, kizani, vilemba vimekazwa, na upande wa pili wa ubao kuna kitu kinachotembea.