Chen Shigong, tabibu aliyetafuta chanzo cha muwasho

Miongoni mwa matabibu wa China ya kale wanaokumbukwa hadi leo yumo Chen Shigong. Alizaliwa mwaka 1555, enzi ya ukoo wa Ming, huko Tongzhou, mji ambao sasa huitwa Nantong, karibu na mlango wa Mto Yangtze.

Katika zama hizo, mwenye kutibu majipu, vidonda na maradhi ya ngozi alihesabiwa duni kuliko tabibu wa maradhi ya ndani. Chen hakukubaliana na dharau hiyo. Alishikilia kwamba kinachoonekana juu ya ngozi hakitengani na hali ya tumbo na damu. Alitumia kisu na marhamu, lakini pia aliwapa wagonjwa dawa za kunywa na kuwahimiza wale vizuri.

Mwaka 1617, baada ya kutibu kwa zaidi ya miaka 40, alitoa kitabu chake Waike Zhengzong. Humo imo dawa iitwayo Xiaofeng San, yaani unga wa kuondoa upepo. Kwa mujibu wa tiba ya Kichina, muwasho unaohamahama mwilini huletwa na upepo uliochanganyika na unyevu na joto. Dawa hiyo ina vitu 13, vikiwemo ufuta, jasi na maganda ya nyenze: vingine hufukuza upepo, vingine hukausha unyevu, vingine hupoza na kulisha damu. Hadi leo hutumiwa kwa wagonjwa wa ukurutu.

Katika kitabu hicho aliweka pia maadili ya uganga: tabibu aitike mwito wa tajiri na maskini bila kukawia, amheshimu kahaba kama mgonjwa mwingine yeyote, na asiyejiweza apewe dawa bure. Chen alifariki mwaka 1636.

Urithi wake unahitaji uangalifu. Mmojawapo wa mimea ya dawa hiyo, mutong, kwa muda mrefu ulibadilishwa na mmea mwingine wenye jina linalofanana, ambao una asidi ya aristolokiki inayoharibu figo. China iliuondoa mmea huo katika dawa zinazoruhusiwa mwaka 2003. Chen mwenyewe aliwataka matabibu wachague dawa zao kwa makini. Basi mwenye muwasho wa siku nyingi aulize kilichomo katika dawa anayopewa, na amweleze daktari wake kabla ya kuinywa.